Siku Niliyomsalimu Balozi kwa Redio

Nakiri mapema, maana habari hii wengi wenu mmeshaipata kwa watu wengine na najua wameiongeza chumvi: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeonekana Jumapili mchana akikimbia barabara ya Murungu, mkono wake wa kulia umezama ndani ya sanduku la chaki, na sanduku linaimba. Walioongeza kwamba nilikuwa nalia ni waongo. (Macho yalikuwa yanatoa maji, lakini siku hiyo kulikuwa na vumbi.)

Chanzo ni redio ya babu. Ile si redio ya kubeba, ni redio ya kukaa. Ina kabati la mbao kubwa kiasi kwamba mdogo wangu Zefa alipokuwa mchanga aliwahi kulazwa juu yake akalala vizuri tu, mbele ina kitambaa cha rangi ya ugoro, na ndani inakula betri sita nene. Babu alirudi nayo kutoka kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, safari yake ya mwisho, akaibeba kichwani kutoka stendi mpaka nyumbani, na mpaka leo akiwasha lazima kwanza aipanguse kwa kiganja kama anayempangusa mtu uso.

Basi tulipohamia hapa kijijini, kwenye nyumba hizi za mistari, babu aliiweka juu ya kibaraza cha udongo ndani ya nyumba, na mchwa nao walikuwa wamehamia kijijini kama sisi. Wakala ubao wa chini wote, taratibu, bila mtu kujua, mpaka asubuhi moja babu aliponyanyua redio yake akabaki ameshika kabati, na matumbo yote ya redio yananing'inia kwenye nyaya kama kuku anayepasuliwa.

Siku nyingine jambo hilo lingekuwa dogo. Lakini mwezi ule ule ilikuwa imefika barua ya Bukuru. Bukuru na baba yangu Butoyi ni mapacha, Bukuru ndiye aliyetangulia, kwa hiyo namwita baba mkubwa ingawa ukubwa wenyewe ni wa muda wa kuchemsha chai. Naye alikwenda mkongeni kama babu, akaenda mimi sijaanza hata darasa la kwanza, na tangu hapo alikuwa barua moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Barua hii ilisema ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio, na zamu ya kusoma kadi za mkoa wa Tanga ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, na mama asikilize, maana kuna neno lake. Neno gani, barua haikusema. Bibi aliniambia niisome mara tatu, halafu akaikunja akaiweka mahali anapoweka vitu vyake vyote vya thamani, yaani kifuani.

Baba akashauri siku hiyo twende wote dukani kwa Mzee Sudi pale njia panda, ana redio nzima na benchi la kukalia. Bibi akakataa.

"Mwanangu anasalimia nyumbani kwake," alisema. "Hasalimii dukani kwenye chumvi na mafuta ya taa. Tengenezeni hiyo redio."

Na hapo ndipo ulipotokea uamuzi wangu mdogo.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shuleni Kasulu, na shuleni Kasulu tunaye Mwalimu Mbwambo, mwalimu wa fizikia kutoka Upare, mtu mwembamba anayependa redio kuliko chakula. Muhula ule alikuwa amefungua redio mbele yetu akatuonyesha ndani. "Tazameni," akasema, "kila waya una njia yake, na kila njia imeachiwa nafasi ya mkono wa fundi." Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo niliishika vizuri sana. Ilipofika nusu ya pili nilikuwa namchorea Mwalimu Mbwambo masharubu kwenye daftari la jirani yangu.

Kwa hiyo bibi aliponiambia, "Mume wangu, wewe msomi, pigilia tu ubao hapo chini," mimi nikacheka cheko la wasomi.

"Bibi, ndani ya hii redio robo tatu ni hewa. Mnahifadhi hewa. Nitaitoa kwenye hili jeneza niipe nyumba ndogo ya kisasa."

"Ubao tu, mume wangu."

"Subiri uone."

(Sasa nitasema ukweli ambao babu hajui mpaka leo. Sokoni Kasulu nilikuwa nimemwona karani mmoja kijana, amevaa suruali ya bugaluu inayofagia barabara, na begani ana redio ndogo ya mkanda inaimba, na wasichana wote wa chuo cha ualimu wanamgeukia kama alizeti. Mimi bugaluu sikuwa nayo. Lakini redio ikiwa ndogo ningeweza kuitia mkanda, na nikishaitia mkanda ningeweza kupita kwa akina Generoza, msichana wa njia panda ambaye nilikuwa nimeshamwahidi kwamba likizo hii nitamwonyesha redio.)

Sanduku nililokuwa nalo lilikuwa la chaki, la mbao, lile kubwa kidogo lenye kifuniko cha kuteleza, nililolipata shuleni na kuwekea sabuni na kalamu zangu. Urefu wake ni kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Nikamwaga sabuni, nikatoboa mbele tundu la spika, nikatoboa ubavuni matundu mawili ya vifundo vya sauti na stesheni, na nyuma nikatoboa tundu la duara la kupitisha mkono, ili niweze kusogeza betri bila kufungua kila kitu. Tundu hilo nililipima kwa mkono wangu mwenyewe, vidole vimenyooka, ukiingia. Ukitoka sikupima.

Kazi ikawa kuingiza. Ubao wenye vile vidude vidogo vya rangi ulienea, kwa kuulaza upande. Spika ikaenea. Betri hazikuenea zote mahali pamoja, nikaweka tatu huku na tatu kule, nikazikaza kwa vigunzi vya mahindi. Kisha nikakuta nyaya ziko pale pale juu ya magoti yangu, rundo zima, kwa sababu zilikatwa kwa ajili ya lile kabati kubwa na hapa hazina pa kwenda. Fundi angezifupisha na kuzichomea upya. Mimi sikuwa na risasi ya kuchomea, na isitoshe babu alikuwa ameketi pembeni akirudia wimbo wake mmoja: "Usikate kitu. Mimi nimeileta haijakatwa."

Nikaamua kuzipanga. Hapa lazima nijisifu kidogo, kwa kuwa baadaye hakuna aliyenisifu. Waya mwekundu niliufunga kwa uzi ubavu wa kushoto, mweusi ubavu wa kulia, zile nyembamba za spika nikazisuka kama nywele. Ukabaki waya wa antena, mrefu kuliko wote, na nafasi ilikuwa imekwisha isipokuwa pale nyuma, karibu na tundu la mkono. Basi nikauzungusha ukawa pete nzuri ya mizunguko kumi na kitu, nikaining'iniza kwenye misumari miwili, mwisho mmoja nikaukaza, mwisho mwingine nikauacha uteleze. Kama umewahi kutega kware utakuwa umeshaelewa nilichotengeneza. Mimi nimetega kware tangu nikiwa na miaka sita, na sikuelewa.

Jumamosi nikawasha, ikasema. Babu akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Sauti imebanwa," akasema. "Kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake."

"Itazoea, babu."

Jumapili bibi alifagia uwanja mara mbili. Akatoa kigoda kile anachokalia mgeni, akakitandika kitenge kipya, akasema sanduku likae pale. Akapika maharage na ugali wa muhogo, akatoa asali, kana kwamba Bukuru angeshuka mwenyewe kwenye spika. Saa nane na nusu watu wa nyumba zote za mstari wetu walikuwa wameshafika, wanawake kwenye mikeka, wazee kwenye viti, watoto juu ya ukuta wa jiko. Mimi nimevaa shati la shule na kaptura iliyopigwa pasi, nimesimama kando ya mtambo wangu na bisibisi sikioni kama kalamu.

Saa tisa ikafika, kipindi kikaanza, mtangazaji akatusalimu, watu wote wakaitikia, na redio ikanyamaza.

Nikatikisa sanduku. Ikasema neno moja, ikanyamaza. Nikaelewa mara moja kwamba betri zimesukumwa na nyaya na hazigusani sawasawa, nikakunja dole gumba, nikapitisha mkono kwenye tundu la nyuma mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikabonyeza betri ya katikati, na mtangazaji akarudi kama hakuwahi kuondoka. Nikatoa kidole kwenye betri, akaondoka. Nikabonyeza, akarudi.

"Mume wangu," bibi akasema kwa upole, "usitoe hapo."

Basi ndivyo nilivyokaa. Nimepiga magoti vumbini nyuma ya kigoda, shavu limelala juu ya sanduku, mkono wa kulia umeingia, matako yamewaelekea wageni waliokaa upande wa jiko. Kadi moja, kadi mbili, kadi kumi. Watu wa Tanga wana ndugu wengi. Mkono ukaanza kufa ganzi, sisimizi akapata njia ya kaptura, na Zefa aliyekuwa juu ya ukuta akatangazia wenzake, "Kaka anakamua redio." Wakacheka mpaka babu akawatazama.

Nikajaribu kubadilisha mkono. Nikauvuta kidogo tu, na nikasikia kitu kinanikaza juu ya kifundo. Nikavuta zaidi, kikakaza zaidi. Pete yangu nzuri ilikuwa imeangukia mkononi. Nilikuwa kware. Nikajiambia haidhuru, kipindi kitakwisha, watu wataondoka, nitajinasua kimya kimya, hakuna atakayejua.

Na hapo ndipo alipofika Mzee Ntakije.

Mzee Ntakije ni balozi wetu wa nyumba kumi, na pamoja na ubalozi ni mtu wa salamu. Mnajua kwetu Buha salamu si neno la kutupia mtu njiani, ni kazi ya mikono: unamshika mzee mikono yake miwili kwa mikono yako miwili, unainama, unaachia, unapiga makofi taratibu, unashika tena, anakuuliza nyumba, unamjibu nyumba, anakuuliza watoto, ng'ombe, mvua, na wewe hutoi mkono mpaka yeye atoe. Kumpa mzee mkono mmoja ni ukosefu wa adabu. Kumpa wa kushoto afadhali umtukane. Na Mzee Ntakije aliwahi kumfuata kijana mpaka katikati ya mto kwa sababu kijana alimsalimu huku anatembea.

Alikuwa amechelewa, lakini hakuona sababu ya kuanzia katikati. Akaanza na babu. "Mwidiwe." "Mwidiwe." Makofi. Akaenda kwa baba. Hakuna aliyethubutu kumwambia angoje, ila kila mtu alimsalimu kwa kunong'ona, ikawa uwanja mzima unanong'ona na kupiga makofi yasiyo na sauti, kama wezi waliokutana baada ya miaka mingi. Akamaliza wazee. Akamaliza mikeka. Na mtangazaji naye akasema, kwa sauti ile ya shati dogo:

"Na sasa twende Korogwe, ambako Bukuru, mwana wa Murungu..."

Bibi akainuka nusu, akakaa. Mikono yake yote miwili ikaenda kifuani, pale ilipo barua.

"...anamsalimu baba yake mzazi, na pacha wake Butoyi..."

Mzee Ntakije akafika kwangu. Akasimama. Akanyoosha mikono yake miwili.

"Mwidiwe, mwanangu."

"...na anamsalimu mama yake mzazi, na kumwambia kwamba..."

Nataka mniamini: mimi sikuamua. Kichwa changu kilikuwa kimeshaamua kubaki, kikauambia mkono ubaki. Lakini mikono yangu imefundishwa na bibi tangu kabla sijajua kutembea, na ilipoona mikono ya mzee imenyooka mbele yake, ikaruka yenyewe. Wa kushoto ukafika kwanza. Wa kulia ukafuata na kigoda kikapinduka, kitenge kikaruka, na sanduku la chaki likapaa kutoka mahali pake likatua mikononi mwa balozi wa nyumba kumi.

Redio ilikufa kwenye neno "kwamba".

Na Mzee Ntakije (huyu mzee nitamheshimu mpaka nife) naye mikono yake imefundishwa. Alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Nyumbani hawajambo?" Akaliachia, akapiga makofi. Kisha akalishika tena kabla hajaona ameshika nini.

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Watu wote walikuwa wanamtazama bibi.

"Kwamba nini?" bibi akauliza.

Nikanyoosha vidole humo ndani ya sanduku, nikabonyeza betri zote, nikabonyeza hata kigunzi. Redio ikakohoa, ikatoa muziki, ikawa mtangazaji anasoma kadi ya mtu mwingine wa Muheza anayemsalimu shemeji yake. Bibi alimsikiliza yule shemeji mpaka mwisho, kama labda Bukuru alikuwa amejificha nyuma yake.

"Kwamba nini?" akauliza tena, sasa kwa sauti ndogo, na alikuwa ananiuliza mimi.

Nimechapwa shuleni mara nyingi na kwa sababu nzuri. Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama ile "kwamba nini".

Babu akasimama. Nikadhani ni sasa. Akaja, akatazama tundu, akatazama kifundo changu na waya uliozama kwenye nyama.

"Kata waya, baba," mama akasema. "Mtoto ameshikwa."

"Waya haukatwi. Yeye ndiye aliyejiingiza." Kisha akaniinamia sikioni. "Kwa Sudi wamesikia. Kimbia ukalichukue neno la Bukuru kwa mama yake kabla hawajalisahau. Na lije zima."

Nikakimbia.

Mtu aliyezoea mikono miwili hajui jinsi sanduku linavyobadilisha mbio. Nilikimbia kwa upande kama kaa, na kila mguu wa kulia ulipogonga chini betri ziligusana, redio ikasema, mguu wa kushoto ikanyamaza, kwa hiyo nikawa naleta muziki vipande vipande. Watoto waligundua haraka kwamba nikienda kasi wimbo unakamilika, wakawa nyuma yangu wananihimiza. Nikakutana na akina mama wanne wanatoka kanisani, na watu wazima hawa nao walisimama, wakanyoosha mikono, maana nao ni wa kwetu. Ningefanya nini? Nikatoa mkono wa kushoto na sanduku. Wote wanne walilisalimu sanduku, mmoja mmoja, na wa mwisho akaniuliza kama lina dawa.

Njia panda, kwenye baraza la duka, alikuwa ameketi Generoza na ndoo yake ya maji. Alinitazama tangu nikiwa mbali. Nikapunguza mbio nionekane natembea tu.

"Ndiyo ile redio uliyosema utanionyesha?"

"Ndiyo."

Akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Naona imekushika vizuri," akasema, akajitwika ndoo akaenda zake.

Mzee Sudi alikuwa nyuma ya mizani. Ni mtu wa Ujiji, mama yake alizaliwa Bagamoyo, na jioni anafundisha watoto Kurani nyuma ya duka, kwa hiyo hana haraka na mtu yeyote.

"Shikamoo, Mzee Sudi. Salamu za Bukuru, umezisikia?"

"Marahaba. Nimezisikia. Kwani hiyo nini tena, mwanangu?"

"Redio ya babu. Mzee, alisema kwamba nini?"

"Hebu kaa. Salamu ya mama wa watu simpi mtu ambaye mkono wake haupo."

Akatoa bisibisi yake, akatelezesha kifuniko, akachungulia ndani muda mrefu. Aligusa uzi wangu wa kushoto, akagusa ule wa kulia, akagusa vigunzi.

"Umezipanga vizuri," akasema. "Kweli nakwambia, vizuri. Ila umejaza nyumba mpaka mlangoni. Mgeni akiingia atatokea wapi? Sasa acha kuvuta. Sukuma."

"Nisukume?"

"Ndani. Sukuma ndani."

Nikasukuma mkono ndani kidogo, badala ya kuvuta. Pete ikalegea pale pale. Akaishika kwa vidole viwili akaitoa kwenye msumari, na mkono wangu ukatoka wenyewe, mweupe, umechorwa mistari kama wa mfungwa. Kilomita zote zile, wale mama wanne, Generoza, na dawa yenyewe ilikuwa kusukuma.

Kisha akanipa neno. Hakunipa tu, alinisomesha kama anavyowasomesha watoto wake wa jioni: yeye anasema, mimi nasema, nikiruka anarudi mwanzo. "Neno likipungua si lake tena," akasema. Mara ya nne akaridhika, akanipa na kipande cha sukari guru kwa ajili ya njia.

Niliporudi jua lilikuwa bado juu ya migomba. Nilitegemea kukuta watu wameondoka. Hakuna hata mmoja aliyeondoka. Mzee Ntakije alikuwa amekaa pale pale, maharage hayajaguswa, na kigoda kimesimamishwa tena na kutandikwa kitenge chake. Nikataka kuweka sanduku juu yake, bibi akakataa kwa kichwa.

"Kaa wewe," akasema.

Nikakaa mimi kwenye kigoda cha mgeni. Njia nzima nilikuwa nimetunga viongezo, mnanijua, nilikuwa na kimoja cha Bukuru kumsalimu mwana wa pacha wake, msomi asiyestahili fimbo. Lakini bibi alikuwa amekaa mbele yangu karibu kabisa, magoti yake yanagusa yangu, ananitazama mdomo. Nikasema kama nilivyopewa:

"Twende Korogwe, ambako Bukuru, mwana wa Murungu, anamsalimu baba yake mzazi, na pacha wake Butoyi, na anamsalimu mama yake mzazi, na kumwambia kwamba mkataba wake umekwisha, anafunga mizigo, na maharage ya mwaka huu atayapiga yeye. Mama akae kivulini."

Bibi akanishika mikono yote miwili, akainama, akaachia, akapiga makofi taratibu, akanishika tena, juu ya ile mistari ya waya, na akanijibu salamu yote ya Bukuru kuanzia mwanzo, nyumba, watoto, mvua, mpaka mwisho. Mama alikuwa anafuta macho kwa kanga. (Vumbi tena.)

"Rudia," bibi akasema.

Nikarudia.

"Afadhali hii," akamwambia babu. "Ile yako inasema mara moja tu. Rudia tena, mume wangu."

Mara ya tatu nikashindwa kujizuia, nikaongeza, "na mjukuu wake msomi asipigwe."

"Hapo imeanza kukoroma," bibi akasema.

"Zima," babu akasema, na ndipo kile kicheko nilichokuwa nimekingoja tangu saa tisa kilipofika, chote kwa pamoja, na maharage yakaliwa.

Adhabu yangu ilikuwa kuirudisha redio kwenye kabati lake la zamani, kwa ubao mpya wa chini uliopakwa oili chafu ili mchwa wakome, yaani kile kile bibi alichokiomba tangu siku ya kwanza, kazi ya nusu saa. Nyaya zote zimerudi katika njia zao, na zile robo tatu za hewa ziko humo ndani zinakaa bila kufanya kazi yoyote, na babu haruhusu mtu aziguse. Sauti imerudi kuwa ya mtu aliyevaa shati lake mwenyewe. Na Bukuru alikuja. Alishuka kwenye basi la Kasulu wakati wa maharage, akavua shati, akashika fimbo ya kupigia, na bibi akakaa kivulini siku tatu nzima bila kufanya kitu, anahesabu tu kila fimbo inapopiga.

Mimi nimeapa. Sitaingiza tena mkono mahali ambapo sijaupima ukitoka, na nyumba yoyote nitakayoipanga, hata ya redio, nitaanza na ile nusu ya pili ya sentensi ya Mwalimu Mbwambo. Mkanda wa begani nimempa Zefa anafungia mbuzi. Ila kuna jambo siwezi kuliapia, maana haliko mikononi mwangu: kila nikirudi likizo na kukutana na Mzee Ntakije barabarani, tunashikana mikono miwili, tunapiga makofi, ananiuliza shule, ananiuliza Kasulu, na mwisho anainama anachungulia nyuma ya mkono wangu wa kulia.

"Na yule mwenzako," anasema, "naye hajambo?"